Furukombe wa Mto Semliki

1. Mvuvi asiye na wavu

Mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward, mahali paitwapo Ishango. Kutoka hapo huelekea kaskazini, ukipita upande wa magharibi wa milima ya Ruwenzori. Kwanza hupita katika nchi ya majani, halafu huingia katika msitu mkubwa. Hupita nchi ya Watalinga, ambamo mna Kamango, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Albert. Safari yake yote ni ya kilomita zipatazo 230. Kutoka Ziwa Albert maji hayo huendelea na mto Nili mpaka Misri, hata baharini.

Watu wengi hupata chakula katika mto huu. Wavuvi hutega nyavu na ndoano. Akina mama hununua samaki, huwakausha juu ya moshi na kuwauza sokoni. Lakini yuko mvuvi mwingine, asiye na mtumbwi wala wavu wala ndoano. Naye ni ndege. Jina lake ni furukombe, na wengine humwita tai mla-samaki. Katika lugha ya nyumbani kwenu huenda ana jina jingine. Waulizeni wazee, mliandike katika daftari zenu.

Katika somo hili tutajifunza jinsi furukombe anavyoishi, na kwa nini mahali pengine huonekana wengi pamoja. Tena tutaona kwamba ndege huyu hutuletea habari. Anayejua kumtazama vizuri hujua kama maji ni mazima au ni magonjwa.

2. Umbo lake

Si vigumu kumtambua furukombe. Kichwa chake, kifua chake na mkia wake ni vyeupe kama kanzu ya mtumishi wa misa. Tumbo na mabega yana rangi ya udongo mwekundu. Mabawa ni meusi. Uso na miguu ni ya manjano. Mdomo wake umepinda kama ndoana, nao ni mkali kama kisu.

Jike ni mkubwa kuliko dume. Jike huwa na uzito wa kilo 3 na zaidi, na dume huwa na kilo 2 au 2 na nusu. Mabawa ya jike yakikunjuliwa, kutoka ncha hata ncha hupita mita 2. Mpimeni mwalimu wenu akinyosha mikono yake, nanyi mtaona kwamba ndege huyu humshinda.

Watoto wa furukombe hawafanani na wazazi wao. Wana rangi ya kahawia yenye madoa meupe. Huchukua miaka ipatayo 5 mpaka wapate kichwa cheupe kabisa. Kwa hiyo ukiona ndege mkubwa wa kahawia karibu na mto, usiseme mara moja kwamba ni ndege wa aina nyingine. Tazama kwanza. Pengine ni kijana wa furukombe.

Sauti yake husikika mbali sana. Anapolia hutupa kichwa nyuma mpaka mdomo unaelekea mbinguni. Mara nyingi dume na jike hulia kwa kupokezana, mmoja akianza na mwenzake akijibu. Kwa kilio hicho huwaambia furukombe wengine: Hapa pana wenyewe, msiingie.

3. Jinsi anavyovua

Msafiri akipita mtoni humwona furukombe amekaa juu ya mti, akadhani ni ndege mvivu. Kweli, sehemu kubwa ya siku hukaa tu. Lakini macho yake hayalali. Huchagua mti mrefu ulioinama juu ya maji, na kutoka hapo huona samaki anayekuja juu.

Akimwona samaki, huacha tawi na kushuka kwa mteremko. Karibu na maji hutupa miguu yake mbele, humkamata samaki kwa kucha, kisha hupiga mabawa na kuinuka. Hazami kama mnandi. Hufikia samaki walio karibu na uso wa maji tu, si zaidi ya urefu wa rula ya shule. Kwa sababu hiyo hupenda samaki wanaokuja juu mara kwa mara. Tilapia huja juu kutafuta chakula. Kambare huja juu kuvuta hewa.

Samaki ana utelezi mwingi. Mtoto akimshika kwa mkono mtupu, humponyoka. Je, furukombe hufanyaje? Chini ya vidole vyake Mwenyezi Mungu ameweka miiba midogo, migumu kama msasa. Miiba hiyo humzuia samaki asiteleze. Kucha zake nazo ni ndefu na zimepinda.

Kuna shida nyingine. Tieni fimbo katika ndoo ya maji, mkaitazame kutoka ubavuni. Itaonekana kama imevunjika pale inapoingia majini. Haikuvunjika. Nuru ndiyo iliyopinda ilipotoka katika maji na kuingia katika hewa. Vivyo hivyo samaki huonekana juu kidogo kuliko mahali alipo hasa. Furukombe mzee amekwisha kulizoea jambo hilo, naye hulenga vizuri. Kijana hukosa mara nyingi, huruka na kucha tupu, na kurudi mtini na njaa yake. Hana mwalimu ila kujaribu tena.

Samaki mdogo humbeba mpaka mtini. Samaki akiwa mzito mno, furukombe hawezi kuruka naye. Basi hukaa juu ya maji, na kupiga kasia kwa mabawa yake mpaka ukingoni. Tena, tusimsifu kupita kiasi: akimwona korongo au ndege mwingine ana samaki, mara nyingi humfukuza na kumnyang'anya.

4. Kiota na watoto

Dume na jike wakioana hukaa pamoja miaka mingi. Hujenga kiota cha vijiti katika mti mkubwa karibu na maji. Mwaka unaofuata hawajengi kiota kipya, bali huongeza vijiti juu ya kile cha zamani. Kwa hiyo kiota huzidi kukua, hata upana wake huweza kupita mita moja na nusu.

Jike hutaga mayai 1 mpaka 3, na mara nyingi ni 2. Huyaatamia kwa siku 42 hivi au zaidi kidogo. Dume humsaidia, na humletea chakula. Makinda wakianguliwa, hukaa katika kiota zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka.

Hesabuni basi. Mwezi mmoja na nusu wa kuatamia, na zaidi ya miezi miwili ya kulisha. Hata wakisha kuruka, wazazi huendelea kuwapa chakula kwa muda. Katika siku hizo zote wazazi hawawezi kwenda mbali kutafuta riziki. Ni lazima mto wa karibu uwe na samaki. Tena anayekata mti wenye kiota haangushi mti peke yake. Huangusha kazi ya miaka mingi.

5. Kwa nini mahali pengine huwa wengi

Kila jozi ya furukombe ina sehemu yake ya mto au ya ziwa, kama mkulima alivyo na shamba lake. Hawapendi jirani aingie. Lakini ukubwa wa shamba hilo haulingani mahali pote.

Pale samaki walipo wachache, jozi moja huhitaji kipande kirefu cha mto ili kushiba. Unaweza kutembea kilomita nyingi bila kusikia kilio cha jozi ya pili. Pale samaki walipo wengi, kipande kifupi chatosha. Hapo jozi hukaa karibu karibu, na kilio cha hawa hujibiwa na kilio cha wale.

Tena wako vijana wa kahawia, wasio na mke wala mume wala sehemu yao. Hao hutangatanga. Wakisikia njaa hufuata maji yenye samaki, na hukusanyika huko. Wakati wa kiangazi maji hupungua, na samaki hufungwa katika madimbwi. Furukombe hulijua jambo hilo, wakaja. Wakati wa mvua kubwa mto hujaa matope, na samaki hawaonekani vizuri. Hapo furukombe huhamia kandokando, penye maji yaliyo safi zaidi.

Mahali pamoja panapojulikana sana kwa ndege ni Ishango, pale Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Hapo huonekana wari, wanandi, korongo na furukombe. Upande wa Uganda kuna mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Huko nako furukombe ni wengi.

Watu walijua wema wa mahali hapo tangu zamani sana. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba udongo wa Ishango. Alipata mifupa ya samaki na chusa zilizochongwa kwa mfupa. Alipata pia mfupa mdogo wenye mikato mingi iliyopangwa kwa mafungu, na wengi hudhani kwamba ni hesabu. Wataalamu husema mfupa huo una miaka ipatayo 20,000. Watu wale walivua katika maji yale yale. Bila shaka walimsikia ndege huyu akilia juu ya vichwa vyao.

Basi, shikeni neno hili: furukombe hufuata samaki. Wakiwa wengi, samaki wako. Wakipungua mwaka baada ya mwaka, lazima tuulize, samaki wamepatwa na nini?

6. Ndugu zake katika nchi za baridi

Furukombe ana ndugu katika nchi nyingine. Mmoja hukaa Marekani na Kanada. Naye ana kichwa cheupe na mkia mweupe, lakini kifua chake ni cha kahawia, naye ni mkubwa kuliko wa kwetu. Wamarekani wamemweka katika nembo ya nchi yao tangu mwaka 1782. Vivyo hivyo furukombe wetu yumo katika bendera ya Zambia na katika nembo ya Sudani Kusini.

Katika nchi zile kuna miezi ya baridi kali. Sisi wa Kamango twaweza kuifahamu baridi hiyo tukitazama milima ya Ruwenzori asubuhi yenye anga safi. Kilele chake kirefu, kiitwacho Margherita, kina mita 5,109. Huko juu maji hayawi maji tena, bali huwa barafu ngumu kama jiwe. Sasa fikirini nchi ambayo mto na ziwa la bondeni huwa hivyo. Juu ya ziwa watu huweza kutembea kwa miguu.

Je, tai mla-samaki atakula nini, ikiwa mlango wa ghala lake umefungwa kwa barafu? Huondoka. Huenda penye maji yasiyoganda, yaani penye mkondo wenye nguvu, au chini ya mabwawa makubwa ya umeme. Maji yanayoanguka hayagandi upesi, na samaki waliopita katika mitambo hutokea chini wamezimia au wamekufa. Kwa hiyo katika miezi ya baridi tai hukusanyika mamia kwa mamia katika mto Mississippi na mingineyo. Katika mto Chilkat, ulioko Alaska, wamepata kuonekana mpaka 3,000, kwa sababu samaki huja kutaga huko wakati mito mingine imekwisha kuganda.

Watu hutoka mbali kuja kuwatazama. Huvaa nguo nene, husimama kimya ukingoni, na kuwahesabu. Tazameni: nchi ni nyingine, hewa ni nyingine, lakini sheria ni ile ile. Ndege hufuata samaki, na samaki hufuata maji mazima.

7. Siku tai walipokaribia kwisha

Sasa nitawasimulia jambo la huzuni lililotokea huko Marekani, maana lina funzo kwetu.

Wakati wa vita kuu ya pili watu walianza kutumia dawa iitwayo DDT. Iliua mbu na chawa, na iliokoa watu wengi wasife kwa malaria na homa nyingine. Baada ya mwaka 1945 wakulima waliinyunyiza katika mashamba, tena kwa wingi sana. Mvua ikanyesha, ikaiosha dawa na kuipeleka mitoni.

Katika maji dawa ilikuwa kidogo tu, hata mtu asingeiona. Lakini dawa hiyo haiozi upesi. Wadudu wadogo wa majini waliila. Samaki mdogo alikula wadudu wengi, akakusanya dawa ya wote. Samaki mkubwa alikula samaki wadogo wengi, akakusanya zaidi. Mwisho tai alikula samaki wakubwa siku zote, na dawa yote ikajilimbikiza katika mwili wake.

Tai hakuanguka akafa pale pale. Aliendelea kuruka na kuvua, na aliyemtazama alisema, huyu ni mzima. Lakini maganda ya mayai yake yalikuwa membamba. Mama alipokaa juu ya mayai ili kuyapa joto, yalivunjika chini yake. Mwaka ukapita bila makinda, na mwaka wa pili vivyo hivyo. Wazee wakafa, wala vijana hawakuwapo kushika mahali pao.

Mwaka 1963 katika majimbo 48 ya Marekani zilihesabiwa jozi 417 tu zenye viota. Mama mmoja mtaalamu, Rachel Carson, alikuwa amekwisha kuandika kitabu mwaka 1962 kuwaonya watu juu ya dawa hizo. Wengine walimcheka. Lakini watu walipima, wakahesabu, wakaona kwamba alisema kweli. Mwaka 1972 serikali ilikataza DDT katika mashamba. Polepole mayai yakawa magumu tena. Mwaka 2007 tai aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2021 ilitangazwa kwamba jozi zenye viota zimepita 71,000.

Je, ni nani aliyemwokoa? Si mtu mmoja. Waliomwokoa ni wale waliotazama na kuhesabu, na wale waliokubali kusikia.

8. Maji yetu ya Semliki

Tusidhani kwamba taabu kama hizo ni za nchi za mbali tu. Na tutazame kwetu.

Ziwa Edward lilikuwa na viboko wengi sana. Kati ya miaka 1970 na 1980 katika bustani ya Virunga walihesabiwa viboko karibu 29,000. Kiboko hula majani usiku katika nchi kavu, na mchana hukaa majini. Mavi yake huanguka katika maji na kuyarutubisha kama samadi katika bustani ya mboga. Vitu vidogo vya majini hustawi, samaki hula, na furukombe hula samaki. Vita vilipokuja, watu wenye bunduki waliwaua viboko kwa ajili ya nyama na meno. Mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wameona samaki wakipungua. Viboko walipouawa, ziwa lilipoteza samadi yake. Nao watu wengine wanavua kwa nyavu zenye matundu madogo mno, zinazozoa hata watoto wa samaki. Anayekula mbegu, je, atavuna nini?

Katika mashamba ya kakao nako kuna dawa za kuua wadudu. Mkulima akizitumia kama alivyoagizwa, humsaidia. Lakini akiiosha pompi yake mtoni, au akitupa chupa ya dawa katika kijito, kijito huenda Semliki. Na kuna watu wabaya zaidi, wamwagao dawa majini makusudi ili kuua samaki. Samaki huelea juu, wakubwa kwa wadogo, na mtu huwaokota kwa kikapu. Siku ile hufurahi. Lakini amewaua pia wadudu, mayai na makinda ya samaki, na kijito hukaa kitupu. Tena samaki yule hupelekwa sokoni, na mtoto wa jirani humla. Furukombe naye huja upesi kumwokota samaki anayeelea, maana ni rahisi kukamata.

Mnaona sasa? Furukombe anakula samaki tunaowala sisi. Maji yanayomlisha ndiyo tunayoyateka. Kinachomdhuru yeye leo kitatudhuru sisi kesho.

9. Jinsi ya kumtazama

Mwanafunzi anaweza kufanya kazi ya wataalamu, kama ana macho, daftari na subira. Fanyeni hivi.

Kwanza, msiende peke yenu. Nendeni na mwalimu au mzazi, na mahali palipoidhinishwa na wakubwa tu. Mtoni kuna mamba na viboko, na ukingo huweza kubomoka. Tena Kamango imepata taabu za vita. Mwezi wa saba mwaka 2013 makumi ya maelfu ya watu walikimbia kutoka huku, wakavuka mpaka hadi Bundibugyo katika Uganda. Kwa hiyo wakubwa wakisema, leo msiende, basi msiende. Furukombe hupita hata juu ya kijiji, na kilio chake husikika kutoka uwanja wa shule.

Pili, chagueni mahali pamoja, nanyi mrudi hapo hapo kila juma, siku ile ile na saa ile ile. Asubuhi ni njema, kabla jua halijawa kali.

Tatu, kaeni kimya. Msimtupie jiwe, wala msikaribie kiota. Mzazi akifukuzwa, mayai hupoa na makinda hukaa na njaa.

Nne, andikeni tarehe, saa, na hali ya maji, kama ni safi au ya matope. Andikeni wazee wenye kichwa cheupe ni wangapi, na vijana wa kahawia ni wangapi. Andikeni pia walichofanya: walikaa, walilia, walivua, walipata au walikosa.

Tano, msiandike msichokiona. Kama hamkuona ndege hata mmoja, andikeni sifuri. Sifuri nayo ni habari.

Tuseme shule imehesabu miaka mitatu. Mwaka wa kwanza iliona wazee 6 na vijana 3. Mwaka wa pili wazee 6 na kijana 1. Mwaka wa tatu wazee 5 na vijana hakuna. Mtu asiye na daftari atasema, ndege bado wapo. Lakini ninyi mtajua kwamba kuna hatari, kwa sababu makinda hawaji tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Marekani. Mtawaambia wakubwa mapema, kabla kilio hakijanyamaza.

10. Kazi tuliyopewa

Kanisani mmeona picha za Wainjili wanne. Mtakatifu Yohane huchorwa pamoja na tai, maana tai huruka juu na huona mbali, na Injili ya Yohane hutuinua juu kumtazama Mungu. Tai alikubaliwa kusimama karibu na mtakatifu, nasi tusimdharau aliye karibu na mto wetu.

Mungu alipoumba maji, samaki na ndege, aliona kwamba ni vyema. Hakumpa mwanadamu ruhusa ya kuviharibu, bali alimpa kazi ya kuvilinda. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwaandikia watu wote barua iitwayo Laudato si', akieleza kwamba dunia ni nyumba yetu sisi sote, na kwamba maskini ndio wanaoumia kwanza ikiharibiwa. Mtoto wa Kamango anaweza kuitii barua hiyo bila fedha. Asitupe takataka mtoni. Amwambie kaka yake asioshe pompi ya dawa katika kijito. Akatae kununua samaki aliyeuawa kwa sumu. Amwache furukombe na kiota chake.

Semliki hauna kinywa cha kusema, Nimeugua. Furukombe ndiye anayeusemea. Maadamu kilio chake chasikika asubuhi, na vijana wa kahawia wakaa juu ya miti pamoja na wazee wao, sisi nasi tutakuwa na samaki katika chungu. Tumsikilize basi, na tuyatunze maji.

Maswali

1. Mto Semliki hutoka wapi, na huingia wapi?
2. Utamtambuaje furukombe mzee? Na kijana wake?
3. Kwa nini samaki hamponyoki furukombe kwa urahisi?
4. Tieni fimbo katika ndoo ya maji. Mnaona nini? Elezeni sababu.
5. Kwa nini jozi za furukombe hukaa karibu karibu mahali pengine, na mbali mbali mahali pengine?
6. Kwa nini tai wa Marekani hukusanyika mtoni katika miezi ya baridi?
7. Dawa iliyokuwa kidogo katika maji ilikuwaje nyingi katika mwili wa tai?
8. Kiboko humsaidiaje mvuvi?
9. Katika hesabu ya miaka mitatu, ni jambo gani lililotuonya kwamba kuna hatari?
10. Waulizeni wazee wawili: Zamani furukombe walikuwa wengi kuliko leo? Na samaki je? Andikeni majibu yao.